Utenzi wa Aliyeshindwa

Lamu, mwaka wa ukame,
twalitaka mwanamume
mbele yetu asimame,
ashike bomba mjini.

Nikajitokeza mimi,
Famau, mwenye ulimi,
nikahutubu, sikomi,
juu ya pipa Langoni.

Niliahidi mabomba
yaingie kila chumba,
kila punda awe simba
kwa kunywa maji pomoni.

Naye Somoe wa Lali
aliuliza maswali,
jibu akalisajili
kwa kalamu kitabuni:

“Ndoo ngapi kwa wakati?
Nani hufika, hapati?
Mgonjwa gani haketi,
humchotea ni nani?”

Nikacheka: “Huyu vipi?
Hotuba yake iwapi?
Ataongoza wangapi
kwa kuuliza jirani?”

Kura zake mia sita,
zangu kumi; nikasita.
Mke wangu akateta:
“Ya kwangu haimo ndani!”

Nami nikamvizia,
kosa kumtafutia,
karatasi nikatia
na penseli mfukoni.

Kungali na giza bado,
yuko na spana na nyundo,
ndoo yake iko kando,
mwisho kabisa foleni.

Sikuandika. Nangoja.
Mtoto aliyekuja
kwa jina alimtaja,
hata wa kule Wiyoni.

Wawili wakagombana,
ndoo zikasukumana;
hakufoka, hakuguna,
aliketi mchangani.

Kasikiza wa kulia,
wa kushoto naye pia,
hasira zikafifia
kama povu la sabuni.

Kaja bwana wa hoteli,
bahasha nene ya mali:
“Jaza na tangi la pili,
wageni wako njiani.”

Somoe kaitazama,
kaiinua, kasema:
“Sadaka hii, ni njema,
ni ya bomba la Tundani.”

Risiti akaichana:
“Na ndoo, kama waona,
panga nyuma ya kijana
yule wa punda, pembeni.”

Na kila wiki, hesabu
kaibandika karibu
na kinyozi, Bwana Habu,
hata shilingi, thumuni.

Nilihesabu mwenyewe
mara tatu, nielewe
wapi pa kurusha jiwe;
sikupaona, yakini.

Lo! Siku akasahau
zamu ya watu wa juu,
wakalala wana kiu
siku mbili, Ramadhani.

Penseli nikainoa:
“Leo wembe utanyoa!
Ataanza kujitoa,
asingizie fulani.”

Alipanda peke yake,
mtungi begani mwake;
wanaume, wanawake,
wamenuna barazani.

Akasema: “Nimekosa.
Si fundi, wala si pesa.
Maji yangu toka sasa,
siku mbili, yatwaeni.”

Pakanyamaza. Ajuza
mmoja akauliza:
“Na wewe utajipoza
kiu kwa maji ya nani?”

Karatasi nikasoma:
“Huja kwanza, huwa nyuma,
hukosa, na hulisema,
hana siri mkobani.”

Mke akachungulia,
kahawa kanitilia:
“Waanza kumsifia
huyo wako mshindani?”

Siku ya Idi, ni hodi:
Somoe! Nami hasidi
nikajificha, na hadi
leo nacheka moyoni.

“Famau,” kaniambia,
“wewe hunichunguzia
makosa; nahitajia
jicho hilo kamatini.

Shika huu ufunguo.
Hesabu, kila uchao,
nisomee mbele yao
bila haya, hadharani.”

Ufunguo ni mdogo,
wa shaba, sawa na gego,
shingoni huwa mzigo,
hunong'ona: “Bado nani?

Nani hajapata tone?”
Nainuka, nimuone,
nagonga; ndoo ya nne
iko bado mkononi.

Nilidhani uongozi
ni sauti na pumzi,
kumbe nusu usingizi
na masikio makini.

Lile pipa la hotuba
nalo leo limeshiba
maji; punda kwa mahaba
huyanywa. Simba? Jamani!