Upande Uendako Moshi

Saa tisa usiku, Awasi, lori la miwa limelala ubavu
na utingo wake, kijana wa Chemelil, yuko chini ya mzigo
akiita jina ambalo si langu.
Nikamwambia: Naitwa Nasambu, natoka kwenye ambulensi,
unaniruhusu nikuguse?
Akasema ndiyo.
Hata gizani, hata damu ikienda, huwa tunauliza.
Kisha akaacha kujibu, nikafanya kazi bila kuuliza tena.

Glavu jozi nne, maana vioo vilipasua tatu.
Kifungua koo cha plastiki, cha kutumika mara moja.
(Cha chuma kipo kabatini, cha kuchemshwa,
ila mtambo wa mvuke uliharibika Aprili.)
Mrija. Barakoa. Mifuko miwili ya maji ya chumvi.
Blanketi la karatasi ya fedha, linameremeta kama harusi.
Na kila kitu kilikuja kimevaa nguo yake ya plastiki,
nguo ya kuvuliwa na kutupwa kwenye majani ya miwa.
Nilirudi kuziokota kwa tochi.
Alipona. Niseme mapema,
msije mkadhani nasikitikia glavu.

Tulipofika hospitali Ogweno alizima injini.
Msimamizi humgombeza: gari la dharura halizimwi.
Yeye hujibu kwa Kijaluo, maneno anayokataa kunitafsiria,
kisha hushusha kioo, tukasikia vyura.

Mfuko mwekundu niliubeba mwenyewe hadi nyuma ya jikoni,
kwa Barasa wa tanuri.
Bomba lake lilikuwa refu zamani. Kutu imekula juu.
Siku hizi moshi hautazami mbingu,
unainama, unaruka ua,
na upepo wa ziwa ukianza saa saba mchana
unaushika mkono na kuupeleka kwenye nyumba za mabati.

Baada ya siku tatu, simu: mtoto, miaka sita, kifua.
Mita mia mbili kutoka lango letu.
Tungeweza kutembea. Tulipiga king'ora.

Anaitwa Akeyo. Ameketi, mikono magotini,
mabega yakipanda na kushuka,
na ndani ya kifua birika linakaribia kuchemka.
Nikachana plastiki mpya, nikamvisha barakoa mpya,
dawa ikawa ukungu, ukungu ukamwingia.
Perez, mama yake, aliukumbatia mtungi wa oksijeni
kana kwamba ungetoroka.
"Huanza mkichoma," akasema. "Kwani huwa mnachoma nini?"

Nikatazama mikono yangu. Jozi mpya, ya samawati.
Ningesema: kuna kijana Chemelil anatembea leo,
na mrija uliompa pumzi
umepita juu ya paa lako siku ya Jumanne.
Nikasema, "Takataka tu, mama."

Hapo ndipo nilipomkosea. Si kwenye glavu.
Pafukapo moshi pana moto, ndivyo wasemavyo;
hawakusema nani anaishi upande uendako.
Yule wa chini ya lori nilimwomba ruhusa.
Huyu, ambaye tumemgusa miaka minane bila kumshika,
hakuna aliyewahi kubisha hodi.

Nilibisha Jumamosi, bila sare, kwa miguu.
Nikamweleza yote, hata mambo ya kutu, hata Aprili.
Alikuwa anachambua omena. Hakusimamisha mikono.
Nilingoja anifukuze.
"Saa ngapi?" akauliza.
"Nini?"
"Mnachoma saa ngapi. Niambie saa."

Sasa Barasa humpigia kabla ya kiberiti,
naye humchukua Akeyo wakaenda kwa shangazi yake
hadi upepo ugeuke.
Karatasi zisizo na damu hatuzichomi tena.
Mtambo wa mvuke umepata fundi, fundi hajapata kipuri.
Barua ya bomba jipya ina sahihi nne na muhuri,
iko juu ya meza fulani.

Kupewa saa si kuombwa ruhusa. Perez anajua hilo,
na tukikutana langoni hunisalimia
kama mtu anayeshika deni.
Nami huitikia, glavu mfukoni,
Ogweno nyuma yangu akizima injini.