Mia Sita na Kumi na Saba

Gari la mizigo, nimeambiwa, litapita saa nne.
Saa nne imepita, saa tano imepita,
ukungu wa Mau ndio uliofika kwa wakati wake
ukaketi kwenye benchi la stesheni ya Londiani
kama abiria asiyeulizwa tiketi.

Nina daftari la hesabu, la mwanangu wa darasa la sita,
aliniuzia kwa maandazi mawili,
na ndani yake nambari za mabehewa, miaka tisa:
buluu kwa yaliyo mazima,
nyekundu kwa yale niliyoyakuta ubavuni mwa reli, yakiota nyasi.
Mengine nimeyaona mara thelathini.
Nayajua kwa kutu.
Lile lenye kovu la umbo la ziwa,
lile la molasi linalosafirisha nzi bila nauli,
lile ambalo mtu ameliandika kwa chokaa MAMA KEVO NAKUJA
na masika matatu hayajaifuta ahadi.

Linalonisumbua ni moja.
Tangi la kijivu, mia sita na kumi na saba.
Nina la kumi na sita. Nina la kumi na nane.
Katikati pana pengo kama la jino la mbele
na ulimi wangu haukomi kwenda pale.

Sigilai, askari wa reli, amenizoea.
Mwaka wa kwanza alinikamata:
nani amekutuma, vyuma unavipiga picha za nini?
Nikamwonyesha. Behewa, behewa, behewa,
behewa lenye mbuzi chini yake, behewa.
Akatazama hadi mwisho, akanirudishia kamera,
akasema, hakuna anayeweza kulipwa kwa kazi hii,
basi wewe si jasusi.
Siku hizi ananinong'oneza kama kuwadi:
limetoka Njoro. Limesimama Molo. Kichwa kimechemka.

Tabutany muuza viazi hunipa kimoja,
cha kupasha mikono, si cha kula.
Mumeo anajua uko hapa?
Anajua. Anadhani nina mwanamume.
Afadhali, asema. Mwanamume angefika.

Kisha reli inaanza kusema.
Kwanza si sauti: ni kokoto moja inayohama,
ni kunguru anayebadili nia,
ni mataruma yanayopokea uzito kabla ya uzito.
Halafu taa, ya njano, ndani ya pamba.
Halafu honi,
na mbuzi na mimi tunaruka pamoja.

Kichwa kinapita kikiguna, joto lake linaniosha uso,
na sasa ni kuhesabu, kubonyeza, kuhesabu,
saruji, saruji, mbolea,
kontena tupu linalojipigia ngoma,
tangi, mia sita na nne,
tangi, mia sita ishirini na moja,
tangi lenye tope hadi shingoni, halisomeki,
Mungu wangu, halisomeki,
tangi,
tangi,
na mkia.

Usiku, jiko likizimika, mume akikoroma au akijifanya,
nalikuza lile la tope kwenye kioo cha kamera
hadi linavunjika vipande.
Sita, ndiyo. Moja, labda.
Ya mwisho ni saba au ni ufa.
Saba au ufa.
Naweka buluu chini, naweka nyekundu chini,
naandika kwa penseli.

Ndipo naiona picha ya mwisho, niliyoibonyeza kwa hasira:
ngazi ya behewa la nyuma, na juu yake kijana
wa koti la mvua lililopasuka kwapani,
mkono mmoja umekamata chuma,
mwingine umeinua simu
na simu imenilenga mimi.

Sasa hivi ameshashuka, Muhoroni labda, au Kibigori,
kwenye harufu ya miwa iliyochomwa,
na mfukoni mwake, kati ya picha za binamu na za mechi,
yupo mwanamke wa Londiani, kiazi mkononi,
mdomo wazi,
hana nambari.