Mkia wa Neno

Ukanda ulikatika Jumanne, gauni la Nyaboke likiwa nusu:
mkono mmoja umeshapata lesi, mwingine bado kitambaa tu.
Nikashuka Ngara kwa Hansaben, mjane wa vipuri,
anayepima ukanda kwa dhiraa ya mkono wake mwenyewe.
"Charkho yako ya mwaka gani?"
Nikadhani amelikata neno kwa haraka
kama anavyokata ngozi.
La. Ndivyo bibi yake alivyoliita huko Jamnagar
gurudumu la kusokotea pamba.

Kumbe miaka kumi na tisa nakanyaga gurudumu
nikidhani nakanyaga chuma.

Tangu hapo neno limenikaa kama sindano kwenye ukosi,
huisikii mpaka uinamishe shingo.
Mturuki wa Isili, anayeniuzia kwa jora,
alifungua kiganja, akachora duara, akalitia meno:
"Chark," akasema, akarudi kuhesabu pesa.
Na Daktari Mahin, siku aliyoleta koti la kupunguzwa,
nikiwa na pini tatu mdomoni,
alinyamaza, halafu akaniambia
kwao washairi wa kale waliiita hivyo mbingu,
kwa kuwa inazunguka
na haimngoji mtu amalize mshono.

Nikatazama juu. Mabati.
Tundu moja la msumari, na mwanga mwembamba kama uzi.

Nje, Mutinda mnoa visu amepindua baiskeli,
anakanyaga, cheche zinamrukia viatuni.
Chake ni cherehe. Changu ni cherehani.
Baba yetu mmoja, ila mimi nina mkia.
Mkia huo nani aliushona?
Nimemuuliza mwalimu anayekuja kukaza suruali,
akasema atatafuta. Hajarudi, na suruali ipo.
Mimi napenda kuwaza fundi mmoja wa zamani,
aliyeletewa neno fupi, likamwacha vifundo wazi,
akalikunjulia pindo
kama tunavyowafanyia watoto wanaorefuka.
Lakini huko ni kuwaza. Sikuwepo.

Ijumaa Nyaboke alikuja na shangazi wawili.
Akasimama mbele ya kioo, akazunguka mara moja,
akazunguka tena, pindo likamfuata likichelewa kidogo.
Shangazi mmoja akasema kiuno kimelegea.
Nikapiga magoti, pini mdomoni.
"Zunguka," nikamwambia. "Polepole. Zunguka."