Chozi wa Nguba

Kwanza niliona kichwa. Kijani,
si kijani cha jani la muhogo,
kile cha mgongo wa nzi, kinachogeuka ukigeuka.
Kisha kifua. Nikasema: chekundu.
Nsimire, sindano mdomoni, akakataa.
"Wekundu uko katikati tu, kama zipu.
Kando ni manjano. Tazama vizuri, kaka,
wewe ungeharibu kitambaa cha watu."

Mvua ya usiku ilikuwa ingali inadondoka mabatini,
ziwa limemezwa na ukungu,
na yeye, mwepesi kuliko barua,
mdomo umepinda kama sindano ya magunia,
anadunga ua, anatoka, anadunga.

Nikaandika nyuma ya risiti ya umeme:
bawa, kahawia (au kivuli?)
mkia, sikuuona
sauti, tsi, tsi-tsi,
mtu anahesabu sarafu kabla mwenye duka hajarudi.

Mugoli, aliyewapikia watafiti kule Kahuzi,
akachungulia juu ya ukuta, mikono ina unga.
"Huyo chozi."
Chozi?
"Chozi. Mlimani wamejaa.
Hilo jina sikumpa mimi."

Ndipo Nsimire akatoa sindano mdomoni.
"Na yule?"
Tawi la chini, mwingine,
rangi ya maji yaliyokwisha nawiwa,
hana zipu, hana manjano,
anakunywa ua lile lile.

"Naye chozi," Mugoli akasema, akarudi jikoni.

Nikaigeuza risiti.
Upande wa pili ulijaa deni.