Kitanda Kimoja, Suwaiq

Darasa la tatu B, shule ya wavulana.
Ubaoni bado ipo hesabu ya kugawanya
aliyoiacha mwalimu siku ya kimbunga.
Matope yamefika usawa wa soketi.
Nina kalamu nyekundu, uzi wa kushonea,
na nje, gari moja lenye kitanda kimoja.

Kwenye dawati la mbele, Bi Zuweina binti Hilal,
kifua kinapiga mluzi.
Alinisikia nikimwambia mwenzangu, "Nipe bendeji,"
akafumbua macho.
"Kumbe wa kwetu wewe! Mwanangu, usiniwate."
Kiswahili cha Wete, cha bibi yangu,
nilichokipata jikoni Ruwi
nikimenya vitunguu.

Sakafuni, juu ya kadibodi ya chupa za maji, Shofiqul.
Tangi la shambani lilimlalia paja usiku kucha.
Vidole vya mguu rangi ya biringani.
Haiti mtu.
Nilipoishika fomu ndipo aliponishika mkono:
"Ismi mafi. Bitaqa mafi."
Jina hana, kadi hana, na macho yake
yanamwangalia askari mlangoni, si mguu.

Tulifundishwa siku mbili ukumbini Maskati,
chai na sambusa:
hesabu pumzi, bonyeza ukucha, usitazame uso.
Hakuna aliyetuambia tufanye nini na sikio.

Nikahesabu pumzi za Bi Zuweina. Thelathini na mbili.
Nikarudia, polepole,
nikajifumania naitafuta ya thelathini na tatu.

Mundhir anapiga honi. Wadi inashuka tena,
barabara itakatika.
Nikasema, "Mama."
Wala sikusema "mgonjwa wa kwanza."
Nilisema, "Mama."

Ya Shofiqul niliijaza hivi:
paja la kulia, dripu mbili, saa tisa usiku.
Mstari wa jina nikauacha mtupu, kama alivyotaka.
Nilijiona muungwana.
Alfajiri, nimesinzia kwenye kiti cha mtoto,
lori likaja likawachukua waliobaki.

Bi Zuweina amepona. Kaniletea halwa,
kaniombea mume, kizazi, pepo.
Halwa ipo juu ya friji, sijaifungua.
Nimekwisha kupiga simu Sohar, Rustaq, Saham:
namtafuta mtu wa paja la kulia,
fulana ya buluu, Mbangali, kijana.
Wapo wengi, dada, wananijibu,
na wanayo haki kuniuliza:
jina lake nani?

Nalijua. Alinitajia mwenyewe, kwa kunong'ona,
nilipoiweka kalamu chini.
Nikilitamka, askari wa nani anasikiliza?
Nakata simu.
Napiga tena.