Mashoto

Shuleni Fowey mwalimu aliufunga mkono huu nyuma ya kiti
kwa utepe wa kofia ya mkewe,
akanichapa kila wino ulipomwagika.
Mashoto, alisema, ni mtoto aliyeshikwa na shetani upande mmoja.
Kuandika sikujua. Namba tu ziliniingia,
na kuvuta kamba.

Manowarini ndipo mkono ulipopata bei.
Serahangi aliniona nikifunga fundo, akacheka:
"Wa kulia huchora mistari, wa kushoto huikata.
Tunakutafuta tangu Gibraltar."
Nikaongezewa nusu kikombe cha ramu
na mfuko wa kitambaa chekundu,
na ndani ya mfuko mikia tisa imelala, imeshiba.

Mwaka ule tuliizingira Brest.
Miezi mitano ya mvua, adui hatoki,
nasi tunagonga biskuti mezani ili funza washuke.
Digory Nance, miaka kumi na tisa, mwana wa mchimba bati,
alikutwa amelala juu ya mlingoti wa mbele,
amejifunga kwa mshipi wake asianguke.
Hata usingizi wake ulifuata kanuni.

Zamu haikuwa yake.
Ilikuwa ya Amos Kettle, mpigaji mwenzangu wa mkono wa kulia,
ambaye saa ile alikuwa chini kati ya mapipa,
mlevi chakari, anamwimbia panya.
Nahodha akauliza: "Una neno?"
Nance akavitazama viatu vya Kettle.
"Sina, bwana."
Sisi watu mia tatu tulikuwa nalo hilo neno.
Tukalimeza na funza wake.

Kofia zikavuliwa, kifungu cha sheria kikasomwa,
na mvua ikatupiga vichwani, nahodha na mpishi sawasawa:
adhabu pekee siku ile
isiyokuwa na upendeleo.

Kettle alianza. Kumi na mbili.
Nimewaona wadeni wakikimbia, nimewaona wakilia,
sijamwona mwingine akimlipa mtu vile,
kwa bega zima, meno yametoka,
kana kwamba mgongo ule ukichanika vya kutosha
jina lake halitatoka humo.

Kisha wakaniita.
Nikaichana mikia kwa vidole ili isigandamane,
kama mama anayemsuka binti asubuhi ya ibada.
Mistari ya Kettle ilikuwa tayari. Kazi yangu kuikata.
Moja. Mbili. Nance hakupiga kelele,
alitafuna kipande cha ngozi na kupumua kwa pua kama farasi.
Ya tisa, meli ikayumba,
nami nikayumba kuliko ilivyoyumba,
mikia ikapiga mbao za kiunzi kando ya ubavu wake.
Mlio ni ule ule.
"Tisa," akahesabu serahangi.
Karani akaandika tisa.

Nimelisimulia hili kwa namna mbili.
Mbele ya watoto wangu, nilimhurumia.
Katika kilabu cha pombe, sitaha ilikuwa na utelezi.
Nikiwa peke yangu silisimulii.

Kettle alikufa kwa homa, akatupwa baharini na mzinga miguuni,
na Nance alikuwa miongoni mwa waliomshonea sanda.
Alishona vizuri. Nilitazama.

Miaka kumi na minne baadaye, soko la Plymouth,
mke wangu kanituma gunia la vitunguu.
Muuzaji alikuwa ameinama, shati limemshika mgongoni kwa jasho.
Sikuhitaji aligeuze. Nilikuwa nausoma ule mgongo
mimi nisiyejua kusoma.
Bei ilikuwa kwenye ubao, kwa chaki: peni ishirini na nne.
Akainuka. Akaniangalia usoni, kisha mkono,
huu, ulioanza kujificha mfukoni.

"Ishirini na tatu," akasema.

Nikahesabu ishirini na nne juu ya meza.
Akairudisha moja.