Kibao

Kuku walikuwa wametagia kitini.
Ndivyo nilivyoikuta Ursus ya baba ghalani,
miaka thelathini na mmoja tangu izimwe,
magurudumu yamezama sakafuni kama ng'ombe aliyekataa kuamka,
na kwenye bomba la moshi, kiota cha mbayuwayu.

Siku ya kwanza nilitupa tu: manyoya, panya wawili wakavu,
gazeti la mwaka wa sabini na nane,
na kibao cha mwaloni kilichofungwa kwa waya
juu ya pedali ya klachi. Takataka, nikasema.
Nikakata waya. Nikakitia kwenye kapu la kuni.

Mimi ni mshonaji. Miaka ishirini na tisa, kiwanda cha makoti, Białystok.
Najua uzi unaotaka kukatika kabla haujakatika,
nikadhani chuma ni kitambaa kigumu tu.
Sivyo. Chuma kina kinyongo.
Pistoni ilikuwa imegandana na silinda, silinda moja pekee,
pana kama sufuria ya harusi.
Nikaimiminia mafuta ya taa, nikangoja Kwaresima nzima.
Kila jioni nagonga kwa nyundo ya mti: toka.
Haitoki.
Jumatano ya wiki takatifu ikasogea unene wa ukucha,
nami nikakaa penye grisi nikalia, sijui kwa nini hasa.

Ringi mpya zilitoka kwa Ksawery, jirani,
anayetoza bei ya urafiki, yaani mara mbili.
Nozeli niliizibua kwa sindano yangu, namba tisa.
Gasketi nilizikata kwa mkasi wa makoti.
Rangi sikupaka. Baba hakuwahi.

Mama, tisini na mmoja, aliyatazama hayo kutoka dirisha la jikoni
bila neno. Nilijua anaichukia:
mwaka wa hamsini na nane ilimpiga baba teke alipokuwa akiiwasha,
ikamvunja mkono wa kushoto mahali pawili,
na mkono ukaunga upande.

Juni, Ksawery akaja na taa ya kupuliza moto.
Tukaichoma pua ya injini hadi ikawa nyekundu kama shavu la mlevi.
Nikachomoa usukani na mhimili wake,
nikauchomeka ubavuni, kwenye gurudumu zito,
maana mashine hii huwashwa kwa kile kile kinachoiongoza.
Bembea. Bembea. Dole gumba nje, Ksawery akaonya.
Bembea —

Tuk.
Kimya, cha kumeza mate.
Tuk. Tuk tuk tuk,
vikombe vikatetemeka kabatini, korongo akaruka kutoka nguzo ya umeme,
nikarudisha usukani, nikapanda,
nikakanyaga klachi kwa ncha ya kiatu, nikatia gia ya kwanza,
nikaenda nyuma.

Nyuma! Mbao tatu za ghala, uzio, kabichi.
Injini imewaka kinyume. Hizi huweza:
hazijali upande, hukuachia wewe ujali.
Kiti kimenimeza, mguu haufiki,
mpaka lundo la samadi likanipokea,
na Ksawery akaruka akaing'oa gia.

"Usizime!"
Mama, mlangoni, na kikongojo chake.
"Punguza mafuta. Zaidi. Iache ichoke."
Tuk… tuk…… tuk
"Itasita, kama mgeni asiye na hakika na nyumba.
Hapo. Ipe!"
Nikaipa. Gurudumu likasita, likageuka,
likazunguka upande wake wa haki.

Mama, nani alikufundisha?
"Baba yako alikuwa na plasta tangu Mei. Shamba halingoji plasta."
Sikuwahi kusikia.
"Nililima usiku,
ili kijiji kimsifu: analima kwa mkono mmoja."
Akaitazama pedali.
"Kibao changu kiko wapi?"

Kilikuwa chini kabisa ya kapu, chini ya maganda ya kuni.
Kina shimo la kisigino, dogo,
na kisigino changu kikaketi humo.
Nikakifunga kwa waya mpya, fundo la mshonaji, mara tatu.
Mama akainama, akakigusa kwa ncha ya kikongojo.
"Umekifunga kinyume," akasema.